Simba wa Kuhnert anamtazama nani?

Wiki iliyopita niliharibu simba wa watu. Sio sana, kipande tu kama ukucha wa kidole kidogo, lakini kwa fundi fremu hiyo ni aibu kubwa na nimeamua niandike kabla sijasahau maana kilichofuata kimenikaa kichwani mpaka leo.

Kwa wasionijua, mi natengeneza fremu za picha. Kajiofisi kangu kapo Mwenge, na siku nyingi kazi yangu ni picha za harusi, mahafali, vyeti, aya za Kurani, Yesu mchunga kondoo, na michoro ya tingatinga ya wageni wanaokuja saa kumi na moja jioni wakati ndege yao ni saa tano usiku. Sasa akaja dada mmoja na picha ya zamani, mbao imeliwa na mchwa upande wa chini, kioo kina ufa, ndani simba dume. Alimkuta ukutani kwenye nyumba waliyohamia. Akasema we nitolee hilo gome, niwekee kioo kipya na fremu nyeusi, tukakubaliana 35,000, akaacha 20,000 akaondoka zake.

Shida ya picha za zamani za hapa Dar ni kwamba mafundi wengi walikuwa hawaweki kadi ya kutenganisha picha na kioo, karatasi inalala kwenye kioo moja kwa moja, na kwa joto na unyevu wa hapa ikipita miaka thelathini vile vitu viwili vinakuwa kitu kimoja. Ukivuta kwa pupa imekula kwako. Unatakiwa uingize kisu chembamba kwenye kona, unasogea kidogo, unapumzika, unasogea tena, kama mtu anayetoa ganda la yai kwa mgonjwa. Nilienda vizuri karibu saa nzima, kisha simu ikaita. Nikageuza kichwa. Mkono ukateleza. Kipande kikabaki kwenye kioo, kwenye mstari wa miti ya mbali kushoto kwa simba, pakabaki karatasi nyeupe inanitazama.

Basi ikabidi nikae na yule simba. Maana kiraka cha rangi huwezi kukiweka kama hujui mwenyewe aliwekaje, ndo nikavaa miwani, nikawasha ile taa ya mezani, nikamsogelea simba mpaka pua yangu na pua yake zikakaribia kugusana. Na hapo ndo nikaanza kuogopa kidogo. Nacheka lakini ni kweli.

Hakuna kinachotokea kwenye hiyo picha, hilo ndo la kwanza kusema. Hakuna pundamilia anayeraruliwa, hakuna damu, hakuna meno. Simba kasimama kwenye nyasi kavu, kichwa kimeshuka kidogo, anatazama mbele. Mwisho. Sisi tumeshazoea video za mamba wanavuta nyumbu mto Mara, tunaangalia tunakula chipsi, wala hatushtuki. Huyu amesimama tu, na wewe unajikuta umepunguza sauti.

Nikaanza kutafuta kwanini. La kwanza nililoliona ni macho. Yapo usawa wako. Wachoraji wengi wanamchora mnyama kama vile wanamtazama kutoka juu ya gari, huyu kachora kama mtu aliyepiga goti, mstari wa upeo umekuja chini kwenye mabega ya simba na kichwa chote kimekaa kwenye anga, kwahiyo simba ni mrefu kuliko nchi. La pili nyasi. Rangi ya nyasi na rangi ya ngozi ni ile ile, ukifinya macho simba anapotea, zinabaki pua, masikio na macho mawili, na ndivyo alivyo porini kweli, unaweza kupita mita kumi kutoka kwake na usimwone. La tatu vivuli. Nilitegemea nyeusi au kahawia, kumbe ni zambarau iliyochanganyika na bluu, lile jua la saa saba mchana ambalo halina huruma kalipata hapo hapo kwenye kivuli. Na nyasi za mbele kazipiga brashi ndefu za haraka haraka kama mtu anayefagia, uso ndo kauchora nywele kwa nywele. Jicho lako halina pa kukimbilia, linarudi usoni tu.

Kona ya chini kulikuwa na sahihi. Kuhnert. Nikaingia Google nikijua nitakuta mzungu mmoja wa kawaida. Kumbe bwana.

Wilhelm Kuhnert alizaliwa mwaka 1865 kwenye mji wa Oppeln, wakati huo Prussia ya Wajerumani, sa hivi ni Poland na unaitwa Opole. Akasoma chuo cha sanaa Berlin chini ya Paul Meyerheim, ambaye naye alikuwa mchoraji wa wanyama, ila wanyama wa Meyerheim walikuwa wa mabanda na sarakasi. Hapo tuelewane, Ulaya nzima walikuwa wanachora simba miaka na miaka bila kumwona kwake. George Stubbs wa Uingereza, fundi haswa, kachora simba anamshambulia farasi mara nyingi tu kwenye karne ya 18, picha za kutisha kweli, farasi mweupe macho yamemtoka. Lakini simba wake alikuwa ni wa kufugwa kwa tajiri mmoja nje kidogo ya London, na farasi inasimuliwa alikuwa anatishwa na ufagio. Ufagio! Yaani ile hofu yote ni ya mtu anafagia zizi.

Kuhnert akaona hapana, nitawafuata kwao. Mwaka 1891 akapanda meli akaja Afrika Mashariki ya Wajerumani, ndo hapa kwetu, akiwa na miaka kama 26, akazunguka mpaka 1892 na makaratasi, penseli, rangi za mafuta na bunduki. Akarudi tena 1905. Anatajwa kuwa kati ya wachoraji wa kwanza kabisa wa Ulaya kuja kuchora wanyama hawa kwenye mazingira yao wenyewe. Michoro yake ikaingia kwenye ensaiklopidia ya wanyama ya Brehm ambayo kwa Wajerumani ilikuwa kitabu cha kila nyumba yenye uwezo, kwahiyo mtoto wa Berlin wa wakati ule akifunga macho akaambiwa fikiria Afrika, kilichokuja kichwani ni mkono wa Kuhnert. Wenzake wakampa jina, Kuhnert wa Simba. Sa hivi picha zake halisi zinauzwa kwenye minada kwa laki kadhaa za dola. Hii ya dada ni nakala ya kuchapishwa, msije mkavamia kibanda.

Sasa neno bunduki nililipita haraka, nirudi. Simba hakai umchore. Twiga labda, kiboko ukivumilia, simba atakupa dakika mbili akiwa na shibe. Kuhnert alichokuwa anafanya ni kuwinda, anampiga mnyama halafu anakaa nae chini anachora misuli, miguu, namna ngozi inavyokunja begani, kichwa upande huu na upande ule, kabla jua halijaharibu mambo. Halafu anachora nyasi, miti, mwanga, vitu ambavyo havikimbii. Kisha anarudi Berlin na mafurushi ya ngozi na michoro midogo midogo, anaingia studio, anawafufua. Na alipokwama alikuwa na bustani ya wanyama ya Berlin hapo hapo jirani.

Na hapa mi nina shaka yangu binafsi ya kifundi. Simba huyu ana manywele ya shingoni yamejaa mpaka kifuani kama kavaa koti la baridi. Simba wa kusini huku kwetu, wa Rufiji na Kilombero, wengi wana manywele machache, wengine karibu upara kabisa, mgeni anaweza kudhani ni jike. Na simba akifugwa kwenye baridi ya Ulaya manywele yanaota zaidi. Kwahiyo nashuku kiwiliwili kilitoka huku na koti lilitoka Berlin. Sijapata wa kubishana nae.

Kitabu chake cha safari kilitoka 1918 na alikiita kwa Kijerumani Im Lande meiner Modelle. Katika nchi ya modeli wangu. Nilisoma hilo jina mara mbili tatu. Modeli ni yule mtu anayekaa kwenye kiti umchore, unampa hela yake anaenda zake nyumbani. Wa Kuhnert wengi walikuwa hawaendi nyumbani.

Nina mjomba wangu, kaka yake mama, kwa sasa ni mstaafu yupo Mahenge anafuga kuku na kulalamika kuhusu bei ya pumba. Lakini zamani alikuwa askari wa wanyamapori Selous, miaka mingi sana, nyumbani mpaka leo tunamwita Bwana Nyama. Nikampiga yule simba picha nikamtumia WhatsApp. Haikuchukua hata dakika tano simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, hamjambo huko? Huyu simba kapigwa na nani?"

"Hajapigwa mjomba, amechorwa."

"Nimeona kachorwa, mi sio kipofu. Nauliza huyo aliyemchora, alimpiga au hakumpiga?"

Nikamuuliza kwanini anauliza hivyo. Akasema, nitajaribu kuandika kama alivyosema, "Kwa sababu huyo simba kashaona mtu. Simba akimtazama swala hasimami hivyo, anashuka, tumbo linagusa nyasi, mabega yanapanda juu ya kichwa, unaona mabega tu. Huyo kasimama wima, masikio yako mbele, mdomo kafunga, mkia upo chini. Hajakasirika huyo. Huyo anajiuliza, huyu mtu anapita au anakuja? Akikasirika masikio yanalala nyuma na mkia unachapa huku na huku, na ukiona mkia umesimama juu kama mpini wa jembe basi, hata Baba Yetu huimalizi."

"Kwahiyo anakutazama wewe, mjomba?"

"Ananitazama mimi nikiwa na bunduki. Sasa aliyemchora ndo alikuwa amesimama hapo nilipo mimi. Ndo maana nakuuliza, alimpiga?"

Nikamwambia sijui kwa huyu, ila kwa ujumla ndiyo, alikuwa anapiga. Mjomba akaguna. Halafu akasema, "Anajua simba lakini. Huyo mtu amekaa porini, sio wa kusimuliwa," akaanza kuniuliza habari za mama.

Sikulala mapema siku hiyo. Nilirudi kwenye simu nikapitia picha zake nyingine, simba juu ya simba, tembo wanatembea kwenye vumbi, nyati, mbuni, pundamilia, na kila nilipokuta mnyama anatazama mbele nikawa namsikia mjomba, kashaona mtu. Nilikuwa nimeshasoma wazungu wanaeleza uzuri wake kwamba kaonyesha wanyama kama vile hakuna binadamu aliyewahi kufika. Jamani. Mnyama kakodoa macho kwa binadamu! Na huyo binadamu hakuja peke yake, mchoraji hawezi kubeba mwenyewe hema, masanduku ya rangi, turubai, chumvi ya kuhifadhia ngozi, maji na chakula cha miezi. Nyuma ya Kuhnert kulikuwa na msururu wa wapagazi, wapishi, waongozaji wanaojua simba kalala wapi. Wamesimama pale pale anapotazama simba. Kwenye picha kubwa za kuuza hawamo, kaona wanachafua pori.

Halafu ndo nikakutana na ile nyingine. Katikati ya tembo na simba, picha ya Kuhnert ya vita. Mapigano ya Mahenge, 1905.

Nilikaa kimya kidogo. Mahenge ndo kwa mama. Watu wengine wanaijua sa hivi kwa madini ya spineli au ule mlima wa kupanda kutoka Ifakara ambao mvua ikinyesha unaongea na Mungu wako, lakini sisi kwa bibi ndo huko, Wapogoro wa Mahenge, na boma la Wajerumani tumelisikia tangu tuko wadogo. Kumbe yule mzee mchora simba alikuwa ndani ya lile boma. Safari yake ya pili ndo iligongana na Maji Maji. Vita vilianzia huko Matumbi mwezi wa saba 1905, watu wamechoka na pamba ya kulazimishwa na viboko, dawa ya maji ikasambaa, Kinjikitile akanyongwa mwezi wa nane lakini maji yakawa yameshatembea, na tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakaja juu ya Mahenge kwa maelfu. Walikuwa wanaamini risasi itageuka maji. Ndani ya boma kulikuwa na askari na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Kuhnert hakukaa pembeni na penseli, alishika bunduki akapigana upande wa boma. Alivyorudi Ulaya akaichora ile vita kwa rangi za mafuta kama alivyochora vingine vyote.

Ile siku bombomu ziliwafagia watu. Boma likazingirwa mpaka msaada ulipotoka Iringa mwezi uliofuata. Na baada ya hapo ndo ikaja ile ambayo bibi alikuwa anaisimulia zaidi kuliko vita yenyewe, njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, njaa ikawa ndo silaha. Wao wenyewe walikadiria waliokufa ni 75,000, wanahistoria wetu wanapeleka mpaka 250,000 au 300,000, na wengi sio wa risasi. Bibi alihadithiwa na bibi yake, kwamba walikuwa wanachimba mizizi ya porini wanaichemsha mara tatu wanamwaga maji ili sumu itoke, na aliyekosa uvumilivu akala ya mara ya pili alikuwa anazikwa. Alikuwa akifika hapo anaonyesha vidole, moja, mbili, tatu, na sisi watoto tunahesabu nae.

Nikamtumia mjomba ile picha ya vita. Hakupiga simu. Aliandika tu, herufi kubwa kama kawaida yake maana hajawahi kujua kuzizima, HAPO SISI TULIKUWA UPANDE WA MIKUKI.

Ninachotaka kusema ni hiki na nisieleweke vibaya, mi sisemi Kuhnert alikuwa mchoraji mbaya ati kwa sababu alipigana na babu zangu. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Ni fundi, kile kivuli cha zambarau sitakisahau. Mwaka 2018 mwishoni mpaka Januari 2019 walimfanyia maonyesho makubwa pale kwenye jumba la sanaa la Schirn, Frankfurt, na waliiweka hiyo habari ya ukoloni mezani kabisa, hawakuificha. Kinachonikera ni kwamba ile taswira yake ya pori tupu, simba peke yake na dunia yake, alikuwa anaichora kutoka kwenye nchi iliyojaa watu, na baadae nchi ikaja kufanana na picha. Mashamba ya waliokufa yakarudi msitu. Wanyama wakashuka mpaka mlangoni. Hifadhi ya Rufiji Wajerumani walishaitangaza tangu 1896, Waingereza wakaja wakaipanua wakaiita Selous kwa jina la mwindaji aliyeuawa Beho Beho 1917 kwenye vita ya kwanza, miaka ya 1940 wakahamisha vijiji vingine kwa sababu ya malale, na leo sehemu yake kubwa ndo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anafika anasema ooh, pori ambalo halijaguswa.

Mjomba ndo alinionyesha hilo, na wala hakuwa anafundisha historia. Nilimuuliza siku nyingine, mjomba, mle ndani mlikuwa mnapotea? Akasema mwanzoni ndiyo, baadae hapana, kwa sababu ya miembe.

"Miembe porini?"

"Mwembe haujioteshi katikati ya pori mjomba. Ukiona miembe mitatu minne imekaa pamoja ujue hapo palikuwa na kijiji. Wazee tuliowakuta kazini walikuwa wanatuambia, hapa kwa fulani, pale kwa fulani, walihamishwa wakati wa malale. Sisi mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunakwenda kuokota maembe, madogo yale ya kienyeji yenye nyuzi. Lakini unakwenda asubuhi sana. Ukichelewa unakuta wenyewe wameshafika."

"Wenyewe akina nani?"

"Tembo. Wanatikisa mti na kichwa, pu! pu! pu! Halafu wanaokota moja moja kwa mkonga kama mama sokoni."

Hapo mi nikaona picha ambayo Kuhnert hakuichora, na naomba mtu mwenye mkono aichore. Wenzetu wachoraji wa tingatinga wa Oysterbay wangeiweza vizuri kweli. Edward Saidi Tingatinga alitokea huko huko kusini, Tunduru, nchi ya Maji Maji, akaanza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli kwenye bodi za silingi, na alivyofariki 1972 alikuwa ameshaacha wanafunzi. Nafunga kazi zao kila wiki. Watu wanazidharau eti za watalii, chui macho makubwa kama visosi, hana kivuli hata kidogo, nyuma yake rangi moja tu. Lakini hebu muangalie yule chui siku moja vizuri. Haulizi huyu mtu anapita au anakuja. Anakutazama kama jirani anayejua unadaiwa na nani.

Basi turudi kwenye kiraka changu. Siku ya nne dada akatuma meseji, fundi vipi, nikamjibu kesho. Nikachanganya rangi. Ile sehemu iliyobanduka ilikuwa ni mti wa mbali, kama ukucha nilivyosema, na miti mingine kwenye ule mstari ni migunga, ile ya juu bapa kama mwavuli, rangi ya kijani kilichofifia na vumbi. Migunga ni rahisi, unalaza brashi ubavu, unagusa mara mbili umemaliza. Nilifanya majaribio matatu kwenye karatasi nyingine yakatoka vizuri tu.

Halafu nilivyokuja kwenye picha yenyewe mkono ukaenda kwingine. Nikauweka mviringo. Mzito chini, mweusi kidogo katikati kama mti wenye kivuli cha kukaa watu, na chini yake nikagusa nukta ya ile zambarau yake.

Dada alikuja jioni akaitazama, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akasema fundi uko vizuri, simba anaonekana mpya. Akalipa 15,000 iliyobaki. Nikamfungia kwenye magazeti, nikamsindikiza mpaka kwenye bajaji. Dada, kama unasoma hii, ni ule mti wa tatu kutoka kushoto. Ukiudai mgunga wako njoo nikubadilishie bure.